Mauaji ya risasi Marekani: mbona ya mitaani yalipungua huku ya shuleni na madukani yakiongezeka?

Mkazi_wa_Columbus:

Wakuu, salaam.

Kila mtu anapoingia shule, kanisa au duka huku Marekani akamimina risasi, jukwaani hurudi majibu yale yale: vichaa wamezidi, michezo ya video imewaharibu watoto, watu wamemwacha Mungu, bunduki zimejaa. Baada ya siku chache uzi unazama mpaka kisa kingine kitokee. Mimi naishi huku na wanangu wanasoma huku. Shuleni kwao hufanyishwa mazoezi ya kujifungia darasani na kukaa kimya gizani, wasisikike na mtu aliye kwenye korido. Kwangu hii si habari ya mbali, ndiyo maana naomba tuijadili kwa hoja na tarakimu.

Mwaka 1991 Marekani waliuawa watu 9.8 kwa kila wakazi 100,000. Kufikia 2014 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi 4.4. Jiji la New York peke yake lilikuwa na mauaji zaidi ya 2,200 mwaka 1990; mwaka 2017 na 2018 hayakufika 300. Sasa angalieni, katika miaka hiyo hiyo ya neema ndipo yalipotokea mashambulizi ya shule ya Columbine (Aprili 1999, wanafunzi 12 na mwalimu mmoja), chuo kikuu cha Virginia Tech (2007, watu 32), shule ya Sandy Hook (Desemba 2012, watoto 20 na watu wazima 6 ndani ya shule) na tamasha la muziki la Las Vegas (Oktoba 2017, watu 60 ukijumlisha waliofariki baadaye kwa majeraha). Nchi ni moja na katiba ni moja, lakini aina moja ya mauaji inashuka kwa zaidi ya nusu na nyingine inazidi kuwa ya kutisha.

Anayesema chanzo ni maadili kuporomoka anieleze iweje mitaani watu wapungue kuuana katika miongo ile ile ambayo maadili yanadaiwa kuporomoka. Anayesema ni wingi wa bunduki tu naye ana kazi ya kueleza, maana bunduki hazikupungua wakati mauaji yalipopungua. Mimi nimefikia kuamini kwamba tunazungumzia mambo mawili tofauti, yenye wahusika tofauti na mizizi tofauti, na yanakutana mahali pamoja tu: urahisi wa kupata silaha.

Kuhusu hesabu, tuelewane mapema kwa sababu watu wengi hugombana hapa bure. Kuna wanaohesabu kila tukio ambalo watu 4 au zaidi wamepigwa risasi, wafe wasife. Kwa hesabu hiyo Marekani ilipita matukio 600 kila mwaka kuanzia 2020 hadi 2023, na mengi kati ya hayo ni ugomvi wa baa, wa sherehe, au wa vijana wa mtaa mmoja na mwingine. Wengine huhesabu pale tu watu 4 au zaidi wanapouawa mahali pa umma bila ujambazi wala ugomvi wa kifamilia nyuma yake. Hayo ni machache kwa mwaka, na wanaokufa humo hawafiki hata 1 kwa mia ya vifo vyote vya risasi. Ukichanganya hesabu hizi mbili unaweza kuthibitisha chochote unachotaka.

Nianze na mauaji ya mitaani, maana ndiyo yanayozika wengi.

Katikati ya miaka ya 1980 iliingia kokeini ya kuvuta, maarufu kama kraki. Biashara ile ilifanywa barabarani na vijana wadogo wenye fedha mfukoni ambao hawangeweza kwenda polisi wakiporwa. Wakabeba bastola. Wenzao ambao hawakuuza chochote wakaanza kuwaogopa, nao wakabeba. Ugomvi ambao zamani uliishia kwa ngumi ukawa unaishia kaburini. Soko lile lilipotulia katika miaka ya 1990, mauaji nayo yakaanza kushuka. Wapo wanaosema polisi waliboresha kazi yao, wapo wanaosema magereza yalijaa, wapo wanaotaja uchumi kukua. Ipo pia hoja ya petroli: kwa miongo mingi petroli ilichanganywa na madini ya risasi (lead, si risasi ya bunduki), watoto wa mijini wakavuta moshi wake, na madini hayo huharibu sehemu ya ubongo inayomzuia mtu asitende kwa hasira. Yalianza kuondolewa miaka ya 1970, na watoto waliozaliwa baada ya hapo ndio waliokuwa vijana mauaji yaliposhuka. Naona hoja hiyo ina uzito, hasa kwa kuwa nchi nyingine nazo zilipata mteremko unaofanana. Ila haiwezi kubeba yote.

Haiwezi kwa sababu ya 2020. Mwaka ule mauaji yalipanda karibu 30 kwa mia, ongezeko kubwa kuliko lolote lililowahi kurekodiwa nchini kwa mwaka mmoja. Yalipanda mijini na vijijini, majimbo ya Republican na ya Democrat. Petroli haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba korona ilifunga shule, viwanja, vituo vya vijana na kazi za watu waliokuwa wakizunguka mitaani kupatanisha. Mei 2020 polisi wa Minneapolis wakamuua George Floyd mbele ya kamera, na imani iliyokuwa imebaki kati ya mitaa ya watu weusi na polisi ikavunjika. Na Wamarekani wakanunua bunduki zaidi ya milioni 20 ndani ya mwaka huo. Kisha, kinyume na walivyotabiri wengi, mauaji yakaanza kushuka tena kwa kasi: karibu 12 kwa mia mwaka 2023, na karibu 15 kwa mia mwaka 2024. Baltimore, jiji lililokuwa na mauaji zaidi ya 300 kila mwaka kuanzia 2015 hadi 2022, lilimaliza 2024 likiwa na 201.

Jambo lingine ambalo ukiwa mbali hulioni: mauaji haya hayakusambaa jiji zima. Boston katika miaka ya 1990 watafiti waliangalia nani anaua na nani anauawa, wakakuta vijana wa magenge ambao hawakufika 1 kwa mia ya vijana wa jiji wanahusika na zaidi ya nusu ya mauaji ya vijana. Mwaka 1996 polisi, wachungaji na wafanyakazi wa mitaani wakawaita vijana hao ana kwa ana. Wakaambiwa mambo mawili: kundi litakaloua, kundi zima litaandamwa, na anayetaka kutoka, kazi na msaada vipo leo hii. Mauaji ya vijana yakashuka kwa zaidi ya nusu. Huwezi kupata matokeo ya namna hiyo kwa miezi michache kama chanzo ni rangi, au damu, au utamaduni wa watu.

Sasa yale ya hadharani. Huyu ni mtu mwingine kabisa. Kijana wa mtaani anamuua anayemfahamu, anataka aokoke, na kesho anaogopa kulipiziwa. Huyu wa shuleni au dukani anaua asiowafahamu, na mara nyingi amekuja kufa. Watafiti Jillian Peterson na James Densley wamekusanya mashambulizi ya aina hii tangu lile la mnara wa Chuo Kikuu cha Texas la 1966. Karibu wote ni wanaume. Wengi walikuwa kwenye mgogoro mkubwa wa maisha siku au wiki kabla ya tukio, na wengi walikuwa na nia ya kujiua. Karibu nusu walimwambia mtu mpango wao mapema. Wengi walinunua silaha zao kihalali, na kwa wale wa shule za msingi na sekondari, zaidi ya 8 kati ya 10 walizichukua kwa ndugu zao.

Halafu kuna kuigana. Tangu Columbine, vijana wa aina hii wana mfano wa kufuata: mavazi, maandishi ya kuaga, picha, matarajio ya kutajwa dunia nzima. Machi 2019 mtu mmoja aliua waumini 51 misikitini Christchurch, New Zealand, akirusha mauaji moja kwa moja mtandaoni. Mei 2022 kijana wa miaka 18 aliendesha gari kwa saa kadhaa mpaka duka la chakula la mtaa wa watu weusi mjini Buffalo, akaua watu 10, naye akirusha moja kwa moja, na maandishi yake yalichota mawazo yale yale ya ubaguzi aliyoyachota yule wa Christchurch. Waziri Mkuu wa New Zealand wakati huo, Jacinda Ardern, alikataa hata kulitamka jina la muuaji wa Christchurch. Nami sitataja jina la yeyote kati yao humu, na naomba wachangiaji tufanye hivyo hivyo.

Karibuni.

MtuWaPwani:

Mkuu uzi umeshiba. Lakini kwenye hili la pili mbona unazunguka? Mtu mwenye akili timamu hawezi kuingia darasani akaua watoto wa miaka 6. Ni wagonjwa wa akili, wafungiwe hospitali, basi.

Mkazi_wa_Columbus:

Mkuu, nakuelewa, na moyo wangu nao husema hivyo. Ila wagonjwa wa akili wapo Japani, Ujerumani, kwetu, kila mahali, na kwa viwango visivyopishana sana. Mtafiti Jeffrey Swanson wa Chuo Kikuu cha Duke alikadiria kuwa hata kama ungeuondoa kabisa ugonjwa mkali wa akili nchini humo, vurugu zingepungua kwa karibu 4 kwa mia tu. Wagonjwa wengi hawamgusi mtu. Wao ndio hupigwa.

Lakini ipo tofauti kati ya ugonjwa na mgogoro unaoonekana kwa macho. Chukua Lewiston, jimbo la Maine, Oktoba 2023. Mji ule una Wasomali wengi na Wakongo waliokimbilia huko. Mwanajeshi wa akiba aliua watu 18 kwenye ukumbi wa mchezo wa kuangusha pini na kwenye baa. Familia yake ilikuwa imeshatoa taarifa miezi kabla. Jeshi lilishampeleka hospitali. Mwenzake jeshini alishaonya kwa maandishi kwamba anaogopa atafanya mauaji. Tume huru ilikuja kusema kwamba ofisi ya mkuu wa polisi wa eneo ilikuwa na sababu za kutosha kumchukua na kuanza hatua za kumwondolea silaha chini ya sheria ya jimbo. Sheria ilikuwepo. Onyo lilikuwepo. Hakuna aliyekwenda mpaka mwisho. Shambulio la shule ya Parkland, Florida, 2018, ni hivyo hivyo: FBI (polisi wa upelelezi wa serikali kuu) walipigiwa simu mwezi mmoja kabla, na taarifa haikufika kwa wanaohusika. Watu 17 wakafa.

Kwa hiyo ukisema "vichaa" unafunga mjadala mahali ambapo ulipaswa kuanza: nani alijua, alimwambia nani, na aliyeambiwa alifanya nini.

Bint_Mzizima:

Kaka, mimi mwanangu ana miaka 13, anacheza michezo ya kupigana risasi usiku kucha. Unataka kuniambia haina madhara?

Mkazi_wa_Columbus:

Dada, usiku kucha ina madhara, alale. Lakini kuhusu kuua, Japani na Korea Kusini vijana wanacheza michezo hiyo hiyo, pengine kuliko hapa, na vifo vya risasi kwao ni vichache mno. Ningekuwa wewe ningeangalia zaidi anaongea na nani akiwa humo. Yapo makundi mtandaoni ambako wauaji wa zamani wanasifiwa kama mashujaa, wanapewa alama kwa idadi ya waliowaua, na kijana mpweke anapewa ukaribu ambao hakuupata shuleni. Huko ndiko yule wa Buffalo alikoanzia. Mtoto akianza kuongelea shambulio fulani kwa kulipenda, akijua tarehe na idadi, au akisema watu watamkumbuka, usimchape kwanza. Kaa naye. Halafu tafuta mtu wa pili, mwalimu au daktari, usibaki nalo peke yako.

Mkaazi_Nakuru:

Mimi naona suluhu ni rahisi. Weka polisi wenye bunduki kila shule, walimu nao wapewe. Jambazi akijua atajibiwa hataingia.

Mkazi_wa_Columbus:

Ndugu yangu, hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama anayeingia angekuwa anaogopa kufa. Nimesema wengi wao wamekuja kufa. Parkland palikuwa na askari wa shule mwenye silaha, akabaki nje. Uvalde, Texas, Mei 2022, walifika askari zaidi ya 300 wa vikosi mbalimbali, na ilichukua dakika 77 kabla ya kumkabili kijana aliyejifungia na watoto darasani. Watoto 19 na walimu 2 walikufa. Watoto walikuwa wakipiga simu ya dharura kutoka ndani ya chumba kile. Mimi hili siwezi kulisoma nikamaliza bila kusimama.

Kijana yule alikuwa ametimiza miaka 18 siku chache tu kabla, akanunua bunduki mbili aina ya AR-15 (bunduki ndefu za mtindo wa kijeshi) dukani kihalali. Mlango wa kumzuia ulikuwa pale dukani, si darasani. Bunduki za aina ile zilipigwa marufuku kuuzwa mpya kuanzia 1994, marufuku ikaisha 2004 na Bunge halikuirudisha. Watafiti bado wanabishana ilizuia kiasi gani, na tuseme ukweli, mashambulizi mengi bado hufanywa kwa bastola; Virginia Tech zilikuwa bastola mbili tu. Lakini kwa idadi ya wanaokufa kwa dakika moja, silaha na magazini yake (kikasha cha risasi) ndiyo vinavyoamua.

Na kwa mauaji ya mitaani, polisi wanahitajika sana, ila kwa kazi nyingine: kupeleleza. Miaka ya 1960 karibu kesi 9 kati ya 10 za mauaji zilipata mtuhumiwa. Miaka ya 2020 hadi 2022 ilikuwa kama nusu. Mama ambaye mwanawe ameuawa, muuaji anapita mbele ya nyumba yake na hakuna anayemgusa; mdogo wa marehemu naye ana miaka 16 na rafiki mwenye bastola. Unaona kinachofuata.

Ndiyo maana navutiwa na kazi ya Gary Slutkin, daktari aliyepambana na kipindupindu kwenye kambi za wakimbizi Somalia na baadaye UKIMWI Uganda akiwa na Shirika la Afya Duniani. Aliporudi Chicago alitazama ramani za mauaji akaona zinafanana na ramani za mlipuko: tukio moja linazaa lingine jirani, ndani ya muda mfupi. Mwaka 2000 alianza kuwatumia watu wa mtaa wenyewe, wengine waliowahi kufungwa, kwenda hospitali kwa aliyejeruhiwa na kuongea na ndugu zake kabla hawajatoka kulipiza. Mambo mengine ni madogo kuliko hayo: Philadelphia walisafisha viwanja vilivyotelekezwa, wakapanda nyasi na kuweka uzio mfupi, na katika mitaa maskini matukio ya risasi yakapungua kwa karibu 29 kwa mia. Magenge yalikuwa yakificha silaha kwenye vichaka vile.

Msafiri_wa_Kivu:

Ndugu mwandishi, asante sana. Miye niko Louisville, Kentucky, tulikuja na familia toka kambini. Sisi tulikimbia vita kule Kivu, tukaambiwa huku ni salama. Aprili 2023 mtu aliingia benki hapa mjini kwetu akaua watu 5. Meya wetu alisema ile bunduki, kwa sheria ya jimbo, inaweza kuuzwa tena mnadani. Miye sikuelewa namna gani. Sasa watoto wangu wanaalikwa kulala kwa marafiki wa shule, na bibi yangu hataki. Tufanye nini?

Mkazi_wa_Columbus:

Ndugu, poleni sana. Ulichosikia ni kweli. Sheria ya Kentucky inataka silaha zilizokamatwa zipelekwe kwa polisi wa jimbo na kuuzwa mnadani, na Meya Craig Greenberg, ambaye yeye mwenyewe alinusurika kupigwa risasi ofisini kwake Februari 2022, aliilalamikia hadharani. Yule wa benki naye alinunua bunduki yake dukani kihalali, siku chache kabla.

Kuhusu watoto. Mwambie mke wako hofu yake ina msingi, lakini hatari iliyo karibu zaidi na wanao si mgeni wa kuingia benki. Mwaka 2021 walikufa kwa risasi huku watu 48,830, na zaidi ya nusu walijiua. Tangu 2020 risasi ndiyo inayoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19, na sehemu yake ni bastola iliyoachwa kwenye droo ya chumba cha kulala. Oxford, Michigan, Novemba 2021, wazazi walimnunulia mtoto wa miaka 15 bastola. Siku nne baadaye shule iliwaita kwa sababu ya michoro yake ya kutisha, wakakataa kuondoka naye, na mchana huo huo akaua wenzake wanne. Mwaka 2024 baba na mama wakahukumiwa kila mmoja miaka 10 hadi 15 jela. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wazazi nchini humo kupatikana na hatia ya namna hiyo kwa shambulio la mtoto wao.

Hivyo kabla mtoto hajaenda kulala kwa rafiki, mpigie mzazi mwenzako. Muulize mambo ya kawaida: mzio wa chakula, mbwa, nani atakuwa nyumbani. Katika maneno hayo hayo muulize kama kuna bunduki, na kama imefungiwa kabatini na risasi zimewekwa mbali nayo. Sisi tuliolelewa Afrika Mashariki tunaona ni kumkosea mtu heshima. Huku wamezoea, mimi nimeuliza mara nyingi na wengi hujibu vizuri, wengine wakaniambia asante kwa kuuliza. Akikasirika au akikwepa, mwalike mtoto wake aje kulala kwako.